Televisheni ya Nyumbani Ughaibuni: Historia ya Watazamaji wa Afrika Mashariki

Televisheni ya Afrika Mashariki ilianza kutazamwa ughaibuni kupitia mabegi ya wasafiri. Kabla ya satelaiti na intaneti, kipindi kilichorushwa Nairobi au Unguja kilimfikia Mkenya wa London au Mzanzibari wa Muscat kikiwa ndani ya kanda ya video, wiki au miezi baada ya kurushwa, tena kwa hisani ya mtu aliyekuwa akisafiri. Leo huyo huyo hufungua simu na kuiangalia taarifa ya habari ikisomwa. Kati ya hali hizo mbili ipo takriban miaka arobaini ya mabadiliko ambayo hayakuletwa na teknolojia peke yake. Vikwazo vya mwanzo vilikuwa vya mitambo. Vilivyofuata, na ambavyo havijaisha, ni vya mikataba, malipo na amri za serikali.

Kabla ya picha, 1957–1980

Sauti ilitangulia. BBC ilianzisha matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, Sauti ya Amerika ikafuata mwaka 1962 na Deutsche Welle mwaka 1963. Studio zao zilikuwa Ulaya na Marekani, lakini wasikilizaji waliolengwa walikuwa Afrika. Mwanafunzi wa Kitanganyika aliyekuwa London aliweza kualikwa studioni kuzungumza na watu wa kwao, ila redio ya kwao hakuipata. Habari za nyumbani zilimjia kwa barua, na kwa magazeti yaliyofika ubalozini yakiwa yamechelewa.

Televisheni yenyewe ilikuwa changa na haikuenea sawasawa. Kenya ilianza mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifungua kituo chake mwaka 1973, tena cha picha za rangi tangu mwanzo. Tanzania Bara haikuwa na kituo hadi 1994. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ingekuwa anasa ya wachache wa mijini, ilhali redio ilifika vijijini. Uamuzi huo una uzito katika historia hii: Mtanzania aliyeondoka Mwanza au Iringa mwaka 1980 hakuacha nyuma kipindi chochote cha televisheni cha kukitamani. Mkenya wa miaka ya 1980 aliiacha Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilibadilishwa jina kuwa KBC, pamoja na michezo ya kuigiza kama Vioja Mahakamani na Vitimbi. Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, alijulikana katika kila nyumba yenye seti.

Miaka ya kanda, 1980–2003

Kanda ya video ndiyo iliyoivusha picha bahari kwa mara ya kwanza, na njia yake ya awali ilikuwa ya zamani kuliko kanda zenyewe: Unguja, Mombasa, Dubai, Muscat. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi, na wengi waliotoka Afrika Mashariki wakaitikia. Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani katika mitaa ya Muscat, na deki ya video ilipoenea, kanda zikaanza kwenda na kurudi. Kilichobebwa zaidi hakikuwa vipindi vya kituo. Zilikuwa kanda za harusi: bibi harusi akipambwa, taarabu ikipigwa ukumbini, kamera ikipita taratibu juu ya nyuso za wageni ili shangazi aliyeko mbali ahesabu nani kaja na nani hakuja. Kanda hizo zilikuwa televisheni ya ukoo, zikitazamwa na kurudiwa mpaka picha ikachakaa.

Safari hiyo ilikuwa nyepesi kwa sababu moja ya kiufundi. Zanzibar, Kenya, Oman na Uingereza zote zilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani ilitumia NTSC, yenye mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Kanda iliyorekodiwa Nairobi ilicheza vizuri Leicester, lakini ikiingizwa kwenye deki ya kawaida ya Texas ilitoa michirizi, au picha iliyopanda na kushuka bila kutulia. Aliyekuwa Marekani alilazimika kununua deki ya mifumo mingi, ambayo bei yake ilikuwa kubwa, au kuipeleka kanda dukani ikageuzwe kwa malipo. Hivyo kwa muda mrefu kiasi cha Kiswahili kilichosikika sebuleni kilitegemea pia nchi ambayo mtu aliangukia.

Miaka ya 1990 ilibadili mambo kwa pande zote mbili. Nyumbani, ukiritimba wa serikali ulivunjika. KTN ilianza Nairobi mwaka 1990 ikiwa televisheni ya kwanza ya binafsi nchini Kenya. Mwaka 1994 Reginald Mengi alianzisha ITV Dar es Salaam, na mwaka huo huo vituo vya DTV na CTN vikaingia hewani. Nje ya nchi, sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 ilizaa bahati nasibu ya viza, ile ambayo watu huiita kwa kifupi green card, nayo ikawapeleka Wakenya, Watanzania na Waganda wengi katika majimbo kama Texas na Minnesota. Kwa hiyo katika muongo ule ule idadi ya watu walioondoka iliongezeka na idadi ya vipindi vya kukosa ikaongezeka. Maigizo ya kundi la Kaole kwenye ITV yaliwafanya Watanzania wa Bara, kwa mara ya kwanza, kuwa na tamthilia ya kwao ya kuulizia wakiwa mbali.

Kurekodi ilikuwa kazi ya ndugu aliyebaki. Alikaa mbele ya seti na rimoti mkononi, akasimamisha deki matangazo ya biashara yalipoanza na kuiachia yalipokwisha, kisha akaandika kwa kalamu ubavuni mwa kanda jina la mchezo na tarehe. Kanda ikasubiri msafiri. Ilipofika ilipita nyumba kwa nyumba, na mwenyewe mara nyingi hakuiona tena. Umeme ukikatika Dar es Salaam katikati ya mchezo, watazamaji wa Reading nao walikatikiwa pale pale, na hawakuwa na pa kupata mwisho wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu za Kibongo zikaingia sokoni, Girlfriend ya mwaka 2003 ikiwa miongoni mwa zilizofungua njia. Zilikuja kwa VHS, kisha VCD na DVD. Diski ziliondoa uzito wa mzigo, na VCD haikuwa na vizuizi vya maeneo ya dunia walivyowekewa watumiaji wa DVD, kwa hiyo ilicheza popote. Maduka ya vyakula vya Kiafrika yalianza kuziuza kando ya unga wa ugali na majani ya chai. Nyingi kati ya nakala hizo zilikuwa za wizi. Waigizaji na watayarishaji hawakupata chochote kutoka kwa watazamaji ambao wangelipa kwa furaha kama wangeonyeshwa mahali pa kulipia.

Dishi na mipaka yake

Satelaiti ilisaidia baadhi tu. Vituo kadhaa vya Afrika Mashariki vilipoanza kupeleka mawimbi yao angani ili kuifikia mikoa ya mbali, mawimbi ya bendi ya C yalimwagika mbali kuliko ilivyokusudiwa. Aliyekuwa na dishi kubwa katika nchi za Ghuba aliweza kuyanasa. Ulaya ilikuwa ukingoni mwa eneo hilo au nje yake kabisa. Kwa Marekani haikuwezekana: satelaiti iliyoning'inia juu ya Bahari ya Hindi iko chini ya upeo wa macho wa mtu aliyeko Minnesota, na dishi la ukubwa wowote haliwezi kuiona kupitia ardhi.

Televisheni za kulipia zilifunga mlango zaidi. DStv, iliyoanza mwaka 1995, na baadaye Azam TV, iliyoanza Desemba 2013, zilitumia mawimbi ya bendi ya Ku yaliyoelekezwa katika maeneo maalumu, pamoja na kadi na king'amuzi kilichosajiliwa nchini. King'amuzi kikibebwa begini hadi Stockholm ni boksi tupu.

Intaneti na nyaya za baharini, 2005–2012

Mwaka 2005 YouTube ilizinduliwa. Mwaka huo huo Issa Michuzi alianzisha blogu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kijiwe cha Watanzania wa ndani na nje, na soko la Marekani likapokea Slingbox, kifaa kilichomwezesha mtu kuunganisha king'amuzi cha nyumbani na intaneti na kukitazama akiwa nchi nyingine. Kwa nadharia Slingbox ilikuwa jibu kamili: kuiacha sebuleni kwa mama Kinondoni na kuitazama ITV ukiwa Ohio. Kwa vitendo haikufua dafu, kwa sababu upande wa Kinondoni haukuwa na intaneti ya kuisukuma picha.

Hapo ndipo penye kiini cha kipindi hiki. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa karibu ya mwisho duniani kuunganishwa na nyaya za intaneti za chini ya bahari. Hadi 2009 data zote za kwenda nje zilipita kwenye satelaiti, kwa bei ambayo kituo cha televisheni hakikuweza kuibeba kwa ajili ya watazamaji wasiolipa. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 27, 2007 ulilionyesha pengo hilo kwa namna ya kuumiza. Matokeo yalipotangazwa Desemba 30, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Wakenya waliokuwa nje, wakiwa na ndugu Eldoret, Naivasha na Kisumu, walibaki na simu, ujumbe mfupi, blogu na picha chache za mashirika ya kigeni.

Julai 2009 waya wa SEACOM ulifunguliwa, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah, ulikamilika mwaka huo huo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Wengi walioandika juu ya nyaya hizo walitazama upande mmoja, yaani dunia kuingia Afrika Mashariki. Kwa waliokuwa ughaibuni maana ilikuwa kinyume: sasa Afrika Mashariki iliweza kutoka. Picha iliyorekodiwa jioni Nairobi ilipakiwa usiku huo huo.

Waliopakia mwanzoni hawakuwa vituo. Walikuwa watu binafsi waliorekodi kwenye kompyuta na kuweka mtandaoni kwa ajili ya wenzao. YouTube wakati huo iliruhusu dakika 10 tu kwa video moja, na mwaka 2010 ikaongeza hadi 15, kwa hiyo mchezo wa Tahidi High au Papa Shirandula ulikatwa vipande: sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara sehemu ya pili ilifutwa kwa malalamiko ya hakimiliki na ya tatu ikabaki, na chini yake maoni ya watu kutoka Doha, Birmingham na Boston wakiombana kiungo. Vituo viliwaona wapakiaji hao kama wezi. Baada ya muda vilitazama idadi ya watazamaji, vikaelewa, na kufungua chaneli zao wenyewe. Haki ni kusema kwamba watu hao wasiojulikana ndio waliothibitisha kuwa hadhira ya nje ipo.

Matangazo mubashara, 2012–2018

Aprili 2012 mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alifariki dunia, na umati uliojitokeza kumuaga Dar es Salaam ulitazamwa na kusambazwa sana mtandaoni. Februari 2013 Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa wagombea urais, uliorushwa na vituo vyote vikubwa na kufuatiliwa mtandaoni nje ya nchi kwa wakati mmoja na ndani. Mtu wa Atlanta na mtu wa Nakuru walisikia jibu lile lile karibu wakati ule ule.

Usawa huo ulifanya mkono wa serikali uonekane kwa namna mpya. Januari 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Watanzania wa nje waliokuwa wakifuatilia mijadala kutoka Dodoma walikosa sawa na wa ndani.

Nchini Kenya mambo yalikwenda tofauti. Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokula kiapo Uhuru Park kama "rais wa wananchi", serikali ilizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN. Skrini za majumbani zikawa tupu. Lakini vituo hivyo viliendelea kurusha kupitia YouTube na Facebook, na mtu yeyote mwenye intaneti nzuri aliona uwanja wote. Aliyekuwa Dallas akaona kile ambacho mzazi wake Kakamega, mwenye seti na antena lakini asiye na bando, hakukiona. Simu zikapigwa kutoka nje kwenda ndani kueleza kinachoendelea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiwango hicho habari ya Nairobi kufika vijijini kwa kupitia ng'ambo, na tukio hilo liliondoa dhana kwamba aliye mbali siku zote ndiye wa mwisho kujua.

Haki, malipo na ukuta mpya, tangu 2016

Mitambo ilipokamilika, ukuta mwingine ukaonekana. Januari 2016 Netflix ilifunguliwa karibu dunia nzima, Afrika ikiwemo, na mwezi huo huo ikatangaza kuwabana wanaotumia VPN kujionyesha wako nchi nyingine. Showmax iliingia Kenya mwaka huo, na mwaka 2017 Wakenya wakapata Viusasa, huduma ya kulipia vipindi na filamu za nyumbani. Azam Media nayo ilitoa programu ya simu, AzamTV Max. Kila huduma ilikuja na swali lile lile: haki hizi zimenunuliwa kwa ajili ya nchi gani?

Televisheni hununua na kuuza vipindi kwa eneo. Kituo cha Nairobi kinachonunua tamthilia ya Ufilipino au mechi za ligi ya Ulaya hulipia Kenya peke yake, hivyo kinapofika kipindi hicho matangazo yake ya mtandaoni hukatwa na kuwekwa picha tuli. Mtazamaji wa Toronto husubiri mpaka taarifa ya habari irudi. Mpira wa nyumbani ulifuata mkondo huo ulipopanda thamani. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu ya Tanzania wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo ziliinua klabu, lakini aliyewekeza kiasi hicho hawezi kuacha mechi ya Simba na Yanga izagae bure YouTube.

Malipo yalikuwa kikwazo kingine, na kwa maoni ya wengi kinaudhi zaidi, kwa kuwa hakina sababu ya kisheria. Huduma nyingi za Afrika Mashariki zilijengwa juu ya pesa za simu, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Mfumo huo umewafungulia mlango mamilioni wasio na akaunti ya benki. Humfungia nje yule mwenye kadi ya benki ya Canada lakini asiye na laini ya Safaricom au Vodacom inayopokea ujumbe wa uthibitisho. Wengine hutunza laini ya nyumbani ikiwa hai kwa kuiongezea salio mara kwa mara. Wengine humtumia ndugu fedha alipie kwa niaba yao.

Palipo na pengo, biashara ya magendo hujaza. Viboksi vya IPTV, yaani televisheni kwa njia ya intaneti, vilivyosheheni chaneli za dunia nzima viliuzwa kwa siri katika vikundi vya WhatsApp, vikizimika bila taarifa kila mitambo yake inapokamatwa. Umoja wa Ulaya ulijaribu dawa kwa watu wake: tangu Aprili 2018 kanuni inamruhusu mkazi wa nchi moja mwanachama kutumia huduma alizolipia anaposafiri kwa muda katika nchi nyingine ya Umoja. Kanuni hiyo haimgusi aliyehama moja kwa moja, wala anayetaka vipindi vya Dar es Salaam akiwa Hamburg.

Sebule na saa

Upande wa mafanikio ulitoka kwa watunzi wa vipindi. Kampuni ya Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla ilitoa Maria, Zora na Sultana kwenye Citizen, zenye Kiswahili kizito kuliko kile cha vichekesho vya zamani, Sultana ikiwa imejikita katika maisha ya Pwani. Sehemu zake ziliwekwa mtandaoni, na mabinti waliozaliwa ughaibuni wakazifuata pamoja na mama zao. Mwaka 2022 Country Queen ikawa tamthilia ya kwanza ya Kenya kutolewa kama kazi ya Netflix yenyewe, ikionekana nchi nyingi kwa siku moja.

Saa za dunia hazikubadilika. Taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni Nairobi ni saa mbili usiku Muscat, familia ikiwa mezani. London wakati wa baridi ni saa kumi jioni, Minneapolis ni saa nne asubuhi mtu akiwa kazini, na Sydney majira ya kiangazi ni saa tisa usiku. Ndiyo maana, pamoja na umaarufu wa matangazo mubashara, kinachotazamwa na wengi walio mbali ni rekodi iliyobaki kwenye chaneli baada ya matangazo kwisha.

Matangazo yasiyosubiri ni ya misiba. Janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, na Kenya ikapunguza idadi ya wahudhuriaji mazishini, familia za kawaida zilianza kukodi wapiga picha warushe ibada na mazishi YouTube. Desturi hiyo haikukoma safari zilipofunguliwa. Machi 2021 maziko ya Rais John Magufuli, yaliyopita Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar, Mwanza na Chato, yalifuatiliwa kwa siku kadhaa na Watanzania wa kila bara.

Njia hiyo yote hutegemea swichi moja. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikafanya hivyo kuanzia siku ya kupiga kura, Oktoba 29, 2025. Siku hizo vituo vya nyumbani viliwatowekea walio nje, pamoja na simu za video na ujumbe wa WhatsApp. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 nazo ziliwataka wenye televisheni za mtandaoni kupata leseni ya kulipia, mzigo uliowaelemea wadogo ambao ndio waliokuwa wakiwahudumia watazamaji wa nje bila kudai malipo.

Vituo vya Afrika Mashariki vina hadhira ya ng'ambo iliyojileta yenyewe, inayojua Kiswahili na yenye uwezo wa kulipa. Mpaka vitakaponunua haki za vipindi vikiihesabu hadhira hiyo, na kupokea kadi za benki kama vinavyopokea pesa za simu, sehemu kubwa yake itabaki YouTube bure au kwenye boksi la magendo, na watayarishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wataendelea kupoteza mapato ambayo ni haki yao.